Mluzi na Jicho la Kushoto

Jumamosi, 4 Oktoba. Kanja

Leo nimetimiza majuma saba ya kuwa mke wa Njeru, na nimefungua daftari hili kwa sababu furaha nyingi ikikosa pa kuwekwa humwagika. Kina mama wa kwaya ndio walionipa siku ya harusi, wakasema niandike humo mapishi. Kina mama, mnisamehe. Ukurasa wa kwanza ni wa mume wangu. Mume wangu! Nikiandika neno hilo kalamu inataka kuruka.

Njeru hukusanya maziwa ya wakulima kwa pikipiki na kuyapeleka kwenye mtambo wa kupozea. Akirudi, akifika pale barabara inapopinda, hupiga mluzi: sauti mbili za chini, moja ya juu. Nami popote nilipo, jikoni au kwenye mibuni, humjibu: moja ya juu, mbili za chini. Tulianza hivyo tukiwa wachumba, kwetu Mitunguu, yeye akiwa ng'ambo ya mfereji wa maji na mimi ndani ya migomba ya baba. Hakuna wimbo wa kanisani unaonipanda moyoni kama ule mluzi.

Mama mkwe wangu, Mama Peninah, haupendi. Leo aliniambia huku akiambua maharagwe, bila kuinua macho: "Gatwiri, hapa kwetu mwanamke hapigi mluzi. Anaita upepo mbaya."

"Ndiyo, Mama."

Jioni Njeru alipopiga, midomo yangu ilijibu kabla sijaiuliza. Mama Peninah aliziba mdomo wake kwa kiganja, kama afanyavyo kila mara, akanigeuzia mgongo. Sidhani ananipenda.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua. Nimesuka vichwa vitatu saluni kwa Kagure. Njeru amenipikia uji. Ulikuwa na mabonge, nikayapenda mabonge.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumezungumzia tarehe 13 Desemba. Sisi tulifanya mambo kinyume: tulianza na harusi ya kanisani, ndipo ije ile ya kimila nyumbani kwa baba. Baba alisema, "Kanisa ni la Mungu, halina neno. Lakini mimi bado sijaona wageni wangu." Kwa hiyo watu wa Njeru watakuja Mitunguu na asali na mablanketi, na mimi nitasimamishwa katikati ya wanawake wengine waliofunikwa leso kuanzia utosini hadi miguuni. Njeru lazima atuangalie na kumchagua mkewe. Akikosea, analipa mbuzi na kuchekwa.

Mbuzi si kitu. Kuchekwa ndiko kusikokwisha. Mwaka juzi bwana harusi mmoja kule kwetu alimshika mkono shangazi wa bibi harusi, mama wa miaka hamsini na minne. Mpaka leo sokoni anaitwa Mume wa Shangazi.

"Mimi nitakujua tu," Njeru akasema.

"Kwa kitu gani? Nkirote tunatoshana urefu, na mabega ni yale yale." Nkirote ni mdogo wangu.

Basi tukapanga hila. Nitapiga mluzi mwembamba chini ya leso, mmoja tu wa juu, ambao ni yeye peke yake atakayeutambua. Tulicheka hadi Mama Peninah akakohoa chumbani kwake.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nilipanda nyuma ya pikipiki alfajiri kwenda Embu mjini kununua nywele za saluni. Ukungu na baridi ya mlima. Nilisahau skafu. Sikujali, nilikuwa nimeegemea mgongo wake.

Jumatano, 15 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Jana usiku sikio la kushoto liliniuma kwa nyuma. Asubuhi niliposukutua mdomo, maji yalitoka yenyewe upande wa kushoto, kama mtungi uliotoboka. Nikacheka. Nikahisi kwamba ni nusu yangu tu iliyocheka. Nikachukua kioo kidogo cha Njeru cha kunyolea.

Upande wa kulia alikuwepo Gatwiri. Upande wa kushoto palikuwa na mtu mwingine aliyechoka sana. Nyusi imelala, shavu limeteremka, pembe ya mdomo imeshuka, na jicho linanikodolea. Nililiambia lifumbe. Lilikataa. Nililifumba kwa kidole na nikakiondoa kidole, likafunguka tena taratibu, kama mlango wa nyumba isiyo na komeo.

Nilimwita Njeru. Aliingia na mtungi wa maziwa mkononi, akanitazama, akauweka chini polepole. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Vaa sweta, tunaenda hospitali." Ila mtungi wa maziwa aliuacha wazi pale chini.

Mama Peninah alitukuta mlangoni. Alinitazama, kiganja mdomoni. Kisha akasema neno moja: "Upepo."

Nililibeba neno hilo hadi Embu.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniambia nikunje paji la uso. Kushoto halikukunjika. Akafurahi! Nilitaka kumpiga. Akaeleza kwamba kama ugonjwa ungekuwa umetoka kwenye ubongo, paji lingekunjika hata kama mdomo umepinda. Hili ni jambo la mshipa mmoja wa fahamu, ule wa uso, umevimba na kubanwa. Watu wengi hupona, wengine kwa wiki chache, wengine kwa miezi.

"Wengi," nikasema. "Si wote?"

"Wengi," akarudia.

Njeru aliuliza kama ni baridi ya pikipiki. Daktari alisema hakuna ajuaye kwa hakika, mara nyingi ni virusi. Njeru aliitikia kwa kichwa, lakini nilimwona hakuamini. Nimepewa vidonge, matone ya jicho, na plasta ya kulifungia jicho wakati wa kulala lisikauke.

Tuliporudi, pale barabara inapopinda, hakupiga mluzi. Nilisema moyoni, leo tumerudi pamoja, angempigia nani?

Ijumaa, 17 Oktoba

Chai kwa mrija. Mvua. Hakupiga mluzi.

Jumapili, 19 Oktoba

Niliamua kwenda kanisani. Wakati wa maombi tukaambiwa tufumbe macho. La kulia likafumba, la kushoto likabaki wazi, nikajikuta nimemkonyeza mzee wa kanisa aliyesimama mbele yangu. Akashtuka. Nikajaribu kurekebisha, nikamkonyeza tena. Alimaliza maombi haraka kuliko siku zote tangu nihamie Kanja, na watu wakamshukuru.

Nilipomsimulia Njeru alicheka hadi machozi, na kwa dakika moja tulikuwa sisi wa zamani. Kisha akanitazama mdomo, kicheko kikafa.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimegundua jambo. Maneno yanayohitaji midomo yote miwili yanavuja upepo. Pikipiki inatoka "fikifiki". Baba ni "fafa". Nikijaribu kumtaja Mama Peninah ni aibu tupu. Lakini Njeru! Njeru linatoka safi, kama lilivyokuwa. Mungu alijua yatakayonipata, ndiyo maana akaniepusha kuolewa na mtu anayeitwa Bundi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Kazini vioo vimezunguka kila ukuta. Nilikuwa nimesahau kwamba saluni ni nyumba ya vioo hadi nilipokuwa sina pa kuangalia. Mteja mmoja, Kaari, alinitazama kiooni nikimsuka, akasema kwa sauti ya huruma inayosikika hadi barabarani, "Pole, mama. Na bado mko arusi mbichi! Atavumilia kweli?"

Kagure mwenye saluni alizima mashine ya kukaushia nywele. "Kaari, amekusuka kwa uso ama kwa mikono?"

"Mimi nimesema tu pole."

"Basi pole imefika. Kaa wima, mistari isipinde."

Nilimaliza kichwa chote. Lakini yeye alitoka, swali lake likabaki nami. Atavumilia kweli? Sitaki kuvumiliwa. Huvumiliwa mvua.

Jumamosi, 1 Novemba

Tunachuma kahawa tangu asubuhi. Jicho linatoa machozi mchana kutwa, kwa sababu kope haiwezi kuyafagia. Njeru ana leso yake ya mfukoni anayoikunja mara tatu. Kila akipita karibu na mbuni wangu hunipangusa, bila neno, kama mtu anayepangusa kioo cha taa. Najua mkono huo gizani sasa.

Mama Peninah ananipondea chakula. Mimi! Viazi vinapondwa, ndizi zinapondwa, hata maharagwe. Sahani inakuja kama ya mtoto aliyeota jino la kwanza. Kila nikifungua mdomo kusema naweza kutafuna upande wa kulia, yeye ameshaondoka.

Mluzi: hakuna. Leo ni siku ya kumi na saba.

Jumatatu, 3 Novemba

Mtaalamu wa mazoezi amenifundisha kusema a, e, i, o, u mbele ya kioo, kujaza mashavu hewa, na kutafuna ubani. Mjomba wangu wa Laare, anayelima miraa, amepiga simu akiwa kwa baba: "Kama ni kutafuna, mbona hamkuniuliza? Nakutumia miraa, tafuna kila upande!" Baba akamnyang'anya simu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimesikia nisichotumwa kusikia.

Mvua ilikuwa imenizuia jikoni. Mama Peninah na Njeru walikuwa barazani, wakadhani niko kwa Kagure. Mama alisema, "Tuahirishe. Iwe Aprili, uso ukisharudi."

Njeru alinyamaza.

"Watu wa kwao ni wengi, na wa kwetu ni wengi," Mama akaendelea. "Watamfunua mbele ya wote. Umefikiria hapo?"

Mvua ilipiga mabati, na mimi nilisimama na sufuria mkononi nikisubiri mume wangu aseme neno moja. Hata "ngoja". Hakusema.

Njeru aliponifuata chumbani, nilimuuliza bila kumgeukia. "Unanionea aibu?"

"Nani?"

"Kuna wake wangapi humu? Mama anataka kunificha hadi Aprili na wewe umenyamaza. Mluzi umeacha tangu siku ile. Unafika kimya kimya kama mtu anayeingia nyumba ya matanga. Mimi si maiti, Njeru."

Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Ni mimi niliyekupeleka kwenye ile baridi," akasema. "Sikukuuliza skafu iko wapi. Kila nikifika pale kwenye kona nainua midomo, nakumbuka yako. Nikikuita na huwezi kuitika, si nitakuwa nakucheka?"

"Daktari alisema si baridi."

"Daktari hakuwa kwenye pikipiki."

Nililia kwa macho yote mawili, na ni jicho moja tu lililojua kufumba. Alipangusa lile la kushoto, la kulia akaniachia mwenyewe. Hatukuamua lolote. Lakini naandika hapa ninachokiogopa kweli, nisije nikajifanya sikukijua: siku ile nitasimama nimefunikwa, sina uso, sina sauti, sina mluzi tena. Asiponijua hapo, basi alichopenda kilikuwa uso, na huo umekwenda.

Jumapili, 9 Novemba

Siandiki.

Jumamosi, 15 Novemba

Wakati wa chakula cha mchana Njeru aliitazama sahani yake, akaitazama yangu, akasema, "Mama, tutakula chakula kisicho na meno hadi lini? Sijaonja githeri, mahindi na maharagwe mazima, tangu mwezi wa kumi."

"Nyamaza ule."

Ndipo nikaangalia. Sahani ya Njeru ilikuwa imepondwa. Ya Mama mwenyewe ilikuwa imepondwa. Mwezi mzima nyumba nzima imekula kama mimi, ili nisiwe peke yangu, na mimi nimekuwa nikihesabu kosa lake kila mlo!

Njeru alipokwenda kukata majani ya ng'ombe nilibaki naye. Nilimwambia nilisikia habari ya Aprili. Nikamuuliza kwa midomo yangu inayovuja, "Mama, ni aibu?"

Aliondoa kiganja mdomoni. Sikuwahi kuuona mdomo wake wazi kwa karibu. Jino la mbele lilikuwa limevunjika nusu, na la pembeni halipo.

"Nilianguka na kuni wiki moja kabla ya kuletwa hapa," akasema. "Nikawa nikisema neno, hewa inapita hapa, inalia fii. Wanawake wa kilima hiki waliniita Mluzi. Miaka minane, Gatwiri. Mume wangu hakunicheka hata siku moja, lakini pia hakuwaambia wanyamaze. Nilitaka wewe upite bila jina."

Ndiyo sababu hapendi mluzi. Ndiyo sababu ya kile kiganja. Kumbe sikuwa nikiishi na mwanamke anayenichukia. Nilikuwa nikiishi na mwanamke aliyeniona, akajiona.

Nilimwambia, "Wakinipa jina, nitaitika. Lakini sitaki kujificha hadi Aprili."

Alirudisha kiganja. "Basi tarehe ni ile ile," akasema kupitia vidole. "Kesho napika githeri."

Jumatatu, 24 Novemba

Pembe ya mdomo imetikisika! Kidogo, kama uzi uliovutwa na mtu aliye mbali. Njeru alitaka kuwapigia simu watu wote wa Kanja.

Jumanne, 2 Desemba

Mvua inapungua. Mtaalamu amesema niwe na subira, huenda si yote yatakayorudi. Nimemwambia nimeshaolewa, subira nimefundishwa. Hakucheka. Mazoezi ya kupiga mluzi: upepo tupu.

Jumatano, 10 Desemba. Mitunguu

Niko kwetu, tangu jana. Joto limenishangaza, nimekuwa mtu wa mlimani. Shangazi Kawira, ambaye ndiye mkuu wa kuficha mabibi harusi ukoo mzima, amenipokonya simu ili nisiwasiliane na "adui". Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama mtu anayenunua papai.

"Wewe umerahisisha kazi au umeiharibu?" akauliza.

"Sijui, Shangazi."

"Atakujua kwa kitu gani, ukifunikwa?"

Hila yetu ilikuwa mluzi, na hatukupanga nyingine. Sote wawili tuliogopa kuutaja.

Jumapili, 14 Desemba

Naandika ya jana leo, kwa kuwa jana mikono ilikuwa ya watu wengine.

Watu wa Njeru walifika saa sita, matope hadi magotini, wakaimba langoni na kina mama wetu wakakataa kufungua, wakajibizana kwa nyimbo hadi jua likawashinda wote. Baba alipokea asali. Kisha Shangazi Kawira akatuingiza chumbani, watano: mimi, Nkirote, binamu wawili, na yeye mwenyewe. Leso mbili kila mmoja, rangi moja. Soksi mikononi. Na miguuni, ili Njeru asitambue hata kisigino, akatuvalisha gambuti, zile buti za mpira za kumwagilia migomba. Amri zikatoka: kukohoa hapana, kucheka hapana, kuimba hapana. Plasta ya jicho akaibandua, akisema itaonekana kwa nje.

Tulipangwa uani. Chini ya leso kulikuwa na mwanga mwekundu na joto la tanuri. Jicho langu la kushoto lilikuwa wazi likisuguana na kitambaa, linawasha, linatiririka, na siwezi kuinua mkono. Nilisikia umati ukinyamaza. Nilisikia viatu vyake.

Alianza mwisho wa safu. Alisimama kwa binamu, akapita. Alisimama mbele ya Nkirote, aliye kando yangu, na kina mama wetu wakaanza: "Huyo huyo! Mchukue! Wee bwana, mke anachomeka na jua!" Alisimama hapo. Alisimama mno. Nilikunja midomo, nikaomba Mungu, nikapuliza. Ilitoka pumzi tu. Leso ikatikisika kidogo na ikatulia. Nikasema moyoni, basi, imekwisha.

Viatu vikasogea. Vikafika kwangu. Kukawa kimya hata nikasikia maji ya mfereji.

Kisha kitu kikagusa leso chini ya jicho langu la kushoto. Kitambaa kilichokunjwa mara tatu. Kinanuka maziwa na sabuni. Kilipangusa kwa upole, juu ya leso, pale nilipokuwa nimelowesha doa kubwa kama sarafu bila kujua.

"Huyu ndiye," Njeru akasema. "Tangu Oktoba jicho hili ni kazi yangu."

Vigelegele vilipasuka. Shangazi Kawira alijifunua mwenyewe akipiga kelele, "Amedanganya! Leso imelowa! Hiyo haihesabiwi!" Baba akasema, "Jicho ni lake na machozi ni yake. Mwacheni." Njeru alinifunua. Nilikuwa nimejifunza mbele ya kioo jinsi ya kugeuka ili picha zichukue upande mzuri. Nikasahau. Nilimtazama kwa uso wote, ule ulio macho na ule uliolala, mbele ya koo zote mbili, na watu waliona walichoona. Wengine walinong'ona. Nilisikia. Sikufa.

Jicho lililonifedhehesha miezi miwili ndilo lililonisemea.

Jumatano, 24 Desemba. Kanja

Tumerudi mlimani. Mvua imekwisha, kahawa ya mwisho iko kwenye mibuni. Jicho sasa linakaribia kufumba, linabakiza ufa mwembamba. Mdomo umepanda nusu ya safari, na hapo umekaa kupumzika. Huenda ukaendelea. Huenda ukajenga nyumba hapo hapo.

Jioni hii nilikuwa uani na Mama Peninah tukiambua maharagwe ya Krismasi. Pikipiki ikasikika kwenye kona, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya Oktoba ukaja: sauti mbili za chini, moja ya juu.

Nilisimama, maharagwe yakamwagika. Nikakunja midomo, nikapuliza. Upepo. Nikapuliza tena. Upepo na mate. Barabarani kukawa kimya, na nilijua amesimamisha pikipiki, anasubiri, na pengine anajuta.

Ndipo nikausikia karibu na sikio langu: moja ya juu, mbili za chini. Mkali, safi, ukapita juu ya mibuni na kuvuka barabara. Nikageuka. Kiganja cha Mama Peninah kilikuwa magotini. Mdomo wake ulikuwa wazi, na mluzi ulikuwa umetoka pale palipovunjika jino. Aliujua wote, hakukosea hata sauti moja.

Njeru aliingia mbio, kofia ya pikipiki ingali kichwani, akanishika mabega akinitazama midomo. "Umepona? Gatwiri, umepona?"

Mama Peninah alikuwa ameshainama kwenye ungo wake.

"Hapa kwetu mwanamke hapigi mluzi," akasema. "Mpe mumeo chai."